Mstari wa Katikati Nilioufuta

Marwa mwanangu,

Najua umecheka kuona neno hilo. Cheka, halafu endelea kusoma, maana sikuliandika kwa utani. Mimi nina miaka kumi na saba na wewe kumi na sita, na tangu tukiwa wadogo unanisalimia mbele ya wenzako, "Shikamoo tata," kama mtoto wa Kikurya anavyomsalimia baba yake mzazi, ili nione haya na wao wapate cha kucheka. Lakini wewe ni mtoto wa kaka yangu, na kwetu mdogo wake baba ni baba. Jana bibi yako aliniita jikoni akasema, "Mtoto haondoki kwenda kazini bila neno la baba. Yule wa machimboni Geita hata simu hapokei. Baba aliyepo ni wewe, tafuta la kumwambia." Nikamjibu sina la kusema. Nilidanganya. Ninalo, na nimekaa nalo siku tisa.

Nalitanguliza, ili hata ukiishia hapa iwe imetosha. Ile flashi iliyo kwenye begi lako, usimpe Fundi Matiko. Mchoro wa mnara uliomo ndani yake una kosa, na kosa ni langu. Mnara wa tenki la maji wa kitongoji chetu umejengwa kwa mchoro huo. Kesho asubuhi wewe na fundi mnapakia vyuma kwenda Ikoma kujenga mingine mitatu.

Habari za nguo, nauli na kuamka mapema simo. Bibi yako atakwambia hayo mpaka masikio yakuume. Mimi nataka ujue jinsi nilivyokosea, hatua kwa hatua, kwa sababu nimekufundisha wewe kukosea vilevile.

Unakumbuka chumba cha kompyuta cha shule yetu, madirisha yenye nyavu na mashine kumi na mbili ambazo nane ndizo zinawaka. Mwaka jana, kabla hujaanza kuja na mimi Jumamosi, Mwalimu Saidi alitufundisha kuchora vitu vya chuma. Alisema mchoro wa kompyuta si kama wa daftari. Kwenye daftari mstari unakaa pale ulipouchora. Kwenye kompyuta mstari unakaa pale ulipoufunga. Unaiambia mistari miwili iwe sambamba, unayaambia matundu mawili yakae umbali sawa kutoka katikati, na kila agizo linawekewa alama ndogo pembeni. Mwalimu aliziita vifungo. "Kilichofungwa kinageuka cheusi," alisema. "Kikiwa bado bluu, jueni kiko huru, siku yoyote kinatembea."

Akatupa kazi ya kuchora bamba la kuunganishia vyuma, lenye upana wa milimita mia na matundu mawili ya bolti. Nilichora mstari wa katikati, kisha nikayafunga matundu yote mawili kwenye mstari huo, yakae sawasawa kushoto na kulia. Hapo nilikuwa nimefanya vizuri. Kisha, kwa kiherehere, nikaongeza kipimo kimoja ambacho hakikuhitajika, na mchoro mzima ukawa mwekundu. Vifungo vilikuwa vinabishana.

Mwalimu alikuwa anapita nyuma ya viti. Alikuwa amebakiza viti viwili kunifikia. Ningeweza kunyoosha mkono. Unanijua, mimi hata dukani nasubiri wengine waishe ndipo niombe chumvi. Niliona aibu ya ule wekundu kuliko kitu chochote. Nikautazama mstari wa katikati, nikajiambia huu hata si sehemu ya chuma, hakuna atakayeukata wala kuutoboa, upo tu. Nikaubonyeza, nikaufuta.

Wekundu ukaisha papo hapo. Bamba lilibaki vilevile, matundu yako palepale. Kompyuta haikuniuliza kitu. Vifungo vyote vilivyokuwa vimeshikiliwa na mstari ule viliondoka pamoja nao, kimya kimya. Tundu la kushoto lilikuwa na kipimo chake kutoka ukingoni, likabaki jeusi. La kulia likageuka bluu. Nililiona, Marwa. Mwalimu alipofika nyuma yangu nililifunika kwa dirisha jingine, dirisha la kompyuta, naye akaona sehemu iliyo nadhifu akasema, "Safi, Mwita." Nikachapisha. Printa ya shule haina rangi. Kwenye karatasi kila kitu kilitoka cheusi.

Baadaye kamati ya maji ilipopata tenki la lita elfu tano, na Fundi Matiko akapewa kazi ya mnara, bibi yako alimtangazia kwamba mwanawe anachora kwa kompyuta. Fundi akaja nyumbani. Pale kisimani hakuna umeme wa kuchomelea, kwa hiyo vyuma vingefungwa kwa bolti, na alitaka mchoro wa mabamba. Nilikuwa nao tayari. Nilijiona mtu.

Wiki hiyohiyo akanipigia simu. "Injinia, dukani Tarime chuma cha milimita mia kimekwisha. Kipo cha themanini. Nibadilishie."

Nilibadilisha namba moja tu, kutoka mia kuwa themanini. Ukingo wa kulia wa bamba ukasogea ndani. Tundu la kushoto lilikuwa kwenye thelathini, likabaki thelathini. La kulia lilikuwa kwenye sabini, na lilitakiwa kusogea hadi hamsini. Halikusogea. Hakukuwa na chochote cha kulivuta. Likabaki sabini, na kwa kuwa tundu lenyewe lina upana wa milimita kumi na mbili, kati ya mdomo wake na ukingo mpya wa chuma zikabaki milimita nne. Shika ukucha wako wa kidole gumba na uutazame kwa upana. Hata nusu yake haifiki.

Sikulitazama. Nilichapisha nikampelekea, nikakimbilia mtihani wa majaribio.

Sasa sikiliza sehemu inayoniuma zaidi. Fundi Matiko hajasoma, lakini jicho lake unalijua. Geti la mchungaji alilipima kwa kamba na shubiri na halijawahi kugoma. Siku ya kutoboa nilikuwepo karakanani kwake. Aliliweka lile bamba la kwanza juu ya meza, akaweka karatasi pembeni, akakuna kidevu.

"Hili tundu mbona limekimbilia pembeni?" akasema. "Mimi ningeliweka ndani kidogo."

Msaidizi wake mmoja akamcheka. "Mzee, bisha na kompyuta basi."

"Sibishani. Ndio maana nauliza mwenye kompyuta." Akanigeukia. "Injinia, ndivyo hesabu ilivyotaka?"

Niliona wazi kwamba tundu limekaa vibaya. Nililiona kama ninavyoiona karatasi hii. Lakini nikafikiri, fundi ana miaka thelathini kwenye chuma, lingekuwa kosa la kweli angekataa. Naye, nimekuja kuelewa, alikuwa akifikiri kwamba karatasi imetoka kwenye mashine ya shule, kama ingekuwa kosa mashine ingekataa. Nikatikisa kichwa kukubali. Akawasha drili.

Mabamba kumi na sita yalitobolewa hivyo. Yakapakwa rangi ya kijivu. Siku ya kufungua maji wakachinja mbuzi, na mwenyekiti wa kamati akanisimamisha mbele ya watu. Bibi yako alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Wewe ulipaza sauti nyuma kabisa, "Huyo ni tata yangu!" na safari hiyo hakuna aliyecheka.

Halafu nikakufundisha wewe. Jumamosi zile tulipokaa viti viwili kwenye mashine moja, ulikuwa mwepesi kuliko darasa letu lote. Siku moja mchoro wako ukawa mwekundu, nikakwambia, "Ukiona nyekundu, futa mpaka iishe." Ukasimamisha kipanya, ukaniuliza, "Sasa tukifuta hii, nani anashika hii nyingine?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyowahi kuulizwa katika chumba kile. Nami nilikujibu, "Haina kazi, futa." Nilikuwa nimekasirika kwa sababu sikuwa na jibu, na nilitaka uendelee kuniona najua. Ukafuta. Hukuuliza tena siku hiyo, wala Jumamosi iliyofuata.

Ijumaa ya wiki iliyopita, siku tisa sasa, Fundi Matiko alinituma niufungue ule mchoro niongeze vipimo kwa kazi ya Ikoma. Matenki ya kule ni makubwa mara mbili. Nilipolifungua bamba, nikalivuta tundu la kulia kwa kipanya, bila sababu, kwa kucheza. Likaja. Likatembea juu ya bamba peke yake hadi nje ya chuma, likasimama hewani.

Kesho yake nilipanda ngazi ya mnara, nikamwambia Mama Ghati jirani yetu kwamba naangalia nyuki. Mguu wa upande wa mashamba ya mihogo, bamba la tatu kutoka chini, nilikwangua rangi kwa msumari. Kuna ufa. Ni mwembamba kama unywele, unatoka kwenye tundu hadi ukingoni, na kutu imeshaanza kutiririka chini yake kama chozi la mtu mwenye macho mabovu. Nilikwangua linalofuata. Lina ufa pia. Sikuendelea na mengine. Nilishuka.

Umewahi kusikia jinsi mnara unavyogonga upepo wa alasiri ukija kutoka upande wa ziwa. Tok, kimya, tok. Akina mama wanasema mzee anakohoa, wanacheka, wanainama kukinga ndoo zao chini yake. Nimeusikiliza siku tisa. Mwanzoni ulikuwa unagonga jua likishaanza kushuka. Siku hizi unaanza saa saba.

Utauliza kwa nini sikusema. Alhamisi nilikwenda. Nilitoka shule nikapitia karakanani moja kwa moja, maneno nimeyapanga kichwani kama shairi la darasani. Fundi aliniona tangu barabarani.

"Injinia wangu! Njoo uone mkataba. Ikoma, karibu kabisa na geti la hifadhi. Minara mitatu! Chini ya kila mmoja wanajenga bafu la wafanyakazi. Mimi na Marwa tutarudi huku tumenenepa, bibi yake asitutambue."

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mbona uso umekunjika? Umefeli?"

"Hapana."

"Basi sema shida yako, nakusikiliza."

Alizima hata mashine ya kusaga chuma ili anisikie. Hakuna mtu aliyewahi kunipa nafasi nzuri kuliko ile. Nikamuuliza kama ana penseli ya seremala ya kuniazima. Akanipa mbili.

Nilirudi nyumbani na penseli mbili mfukoni, nikawa najisemea kwamba nitasema Ijumaa, kisha Jumamosi. Nilijipa sababu nyingi. Fundi atapoteza kazi. Bibi yako atashindwa kupita mbele ya watu. Ufa ni mdogo. Chuma ni chuma. Nilijitungia hata hoja kwamba mabamba ni kumi na sita, na mawili yakishindwa yapo kumi na manne, kana kwamba sijui kuwa yote yalitobolewa kwa karatasi moja.

Lakini jana nilikuona unapanga begi. Uliitumbukiza flashi kwenye soksi ili isipotee, ukaiviringisha vizuri kama kitu cha thamani. Ukaniambia, "Nikifika nitawaonyesha kwamba huu mchoro ni wa baba yangu mdogo." Kule Ikoma mwanafunzi wa kazi ndiye anayepanda juu kukaza bolti, kwa sababu ni mwepesi. Ni wewe utakayepanda. Na watakapobadilisha ile namba tena kwa tenki kubwa, lile tundu litabaki pale linapotaka, nanyi mtatoboa.

Ukiniuliza nimejifunza nini, ni hili tu, na silisemi kama mwalimu. Kabla hujafuta mstari, bonyeza uone ni vitu gani vinawaka pamoja nao. Hivyo ndivyo unavyovishikilia. Ukiona nyekundu, usiione haya. Wekundu ni mashine inakuambia ukweli wakati bado ni karatasi. Na mtu akiuliza kwa nini kitu kimekaa pembeni, hata kama ni mtu wa kusukuma toroli, mwache amalize swali. Ulipaswa kuachiwa umalize la kwako.

Nimeacha kuandika hapo juu, nikatoka.

Sasa naandika nikiwa mnarani, nimekaa juu ya tofali nje ya uzio. Ni saa nane na nusu. Watu wengi wako kanisani bado, kuna harambee ya bati, na wewe hujarudi kutoka Gorong'a ulikokwenda kuwaaga wajomba zako. Saa kumi kina mama watakuja na ndoo. Nimeruka uzio nikaingia chini ya mnara, kwa sababu koki kubwa ya kumwagia iko katikati kabisa, chini ya tenki. Niliisikia ile tok juu ya kichwa changu mara tatu wakati nazungusha. Koki ilikuwa imeganda. Nilivua shati nikaishika nalo. Ilipokubali, maji yakatoka kwa nguvu hata yakanisukuma.

Nimefanya hivi kwa sababu najijua. Nikimfuata fundi tena, nitarudi na penseli. Tenki likiwa tupu kiangazi hiki, kila mtu atauliza nani, na sitakuwa na pa kujificha.

Mama Ghati amekuwa wa kwanza. Amekuja mbio, kanga begani, anapiga kelele kabla hajafika.

"Mwita! Tenki limepasuka!"

"Halijapasuka, mama. Nimefungua mimi."

"Wewe? Una wazimu? Pampu hiyo inajaza siku tatu! Tutakunywa machozi yako?"

"Mama, usiingie humo ndani."

"Niingie, nifunge maji ya watu!"

Nikasimama kwenye kijilango cha uzio nikatandaza mikono. Hajawahi kuniona hivyo, wala mimi sijawahi kujiona. Nikamwambia vyuma vimepasuka, vitaanguka, mchoro wangu ulikuwa na kosa. Sauti ilinitoka kama ya mbuzi, lakini ilitoka. Akanitazama, akatazama juu, na wakati huo ikagonga. Hakusema mzee anakohoa. Alirudi nyuma hatua kama kumi, akakaa chini, akatoa simu yake akampigia Fundi Matiko.

"Njoo mnarani," alimwambia. "Acha hiyo harambee, njoo. Mtoto wa Bhoke, huyu Mwita, anasema jambo."

Maji yanapungua. Nayasikia yakibadilisha sauti ndani ya bomba. Yameshika njia hadi kwenye mihogo, na kuku wa kitongoji kizima wamekuja kunywa. Watu wanaanza kutokea njia ya kanisani, wengine na nguo za Jumapili, wanauliza kwa mbali. Mama Ghati anawajibu kwamba wasisogee. Bibi yako yuko kati yao. Amesimama na Biblia mkononi, hajaja karibu wala hajaondoka.

Sijui kama fundi atanielewa, au atanipiga, au safari yenu ya kesho itavunjika. Ikivunjika utakuwa na haki ya kunikasirikia, maana umeisubiri kazi hii mwaka mzima. Mkienda, mpime kila bamba kwa kamba na shubiri, na bamba la kwanza ulishike wewe. Mchoro mpya nitauchora mbele ya Mwalimu Saidi, na nitamwambia kwanza kilichokuwa chini ya lile dirisha.

Barua hii namkabidhi Mama Ghati, akupe ukipita.

Fundi amefika. Ameacha pikipiki barabarani ikiwa bado inanguruma, anakuja kwa miguu, anatazama juu kwenye mguu ule ule wa upande wa mihogo. Bado hajaniona. Nasimama sasa, niseme kabla hajaniita injinia.

Baba yako mdogo,
Mwita